Chora njia ya feni belti kabla hujaigusa: niliyoongea na madereva na mafundi wa Moshi

Wazee wangu shikamooni. Madereva wenzangu, mama zangu na dada zangu mnaoendesha magari yenu wenyewe, na nyie vijana wa gereji mliojazana kule nyuma karibu na mlango, asanteni sana kwa kuja, najua Jumamosi kila mtu ana shughuli zake na wengine mmeacha abiria stendi.

Nimeombwa niongelee feni belti, ule mkanda wa mpira ulio mbele ya injini. Na nianze na ombi kabisa, ili hata mwenye haraka akiondoka katikati awe amelisikia: usirudi nyumbani leo bila mchoro wa njia ya belti ya gari yako. Karatasi zipo pale mezani, peni zipo, mwenye simu yenye kamera nzuri atatumia simu. Mchoro tu, belti inatoka puli gani (yale magurudumu inayoyazungukia) inaenda puli gani, inapita juu ya puli au chini yake, basi. Mengine yote ntakayoongea ni kuwaeleza kwa nini huo mchoro una thamani kuliko belti yenyewe.

Maana hali ilivyo, mtu anajua gari yake inatumia oili gani, anajua upepo wa matairi, anajua mpaka fundi gani wa rangi ni mzuri hapa Majengo, ila ukimuuliza feni belti inapita wapi anafungua boneti anaangalia kama vile ndo anaiona leo. Simlaumu, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna siku atatakiwa kujua. Na hiyo siku haichagui, inaweza kuwa saa mbili usiku kati ya Kikatiti na uwanja wa ndege wa KIA, mvua inanyesha, na nyuma una mgonjwa unamkimbiza KCMC.

Tuelewane kwanza naongelea belti ipi. Wale wa Land Cruiser za injini ya 1HZ, ambazo ukienda Arusha ndo zimejaa kwenye makampuni ya utalii, wamezoea zile belti nyembamba mbili zinazokaa pamoja, umbo la V, zinaendesha feni, wota pampu inayosukuma maji ya kupooza injini na altaneta inayochaji betri, AC ina ya kwake pembeni. Zile zikichoka unabadilisha zote mbili kwa mpigo, ukichanganya mpya na ya zamani mpya ndo inabeba mzigo wote. Sasa mimi leo sizungumzii hizo. Nazungumzia ile bapa, pana, ndani ina mistari mingi inayoenda kwa urefu na mgongo wake ni laini, moja tu ndefu inayojikunja kushoto kulia kwenye puli zote za mbele ya injini. Ford Mustang ya mwaka 1979 ndo inatajwa kuwa gari ya kwanza kutoka kiwandani kwa wingi ikiwa na belti moja ya namna hii, na leo hii ukifungua boneti za gari ndogo tunazoagiza Japani nyingi utaikuta. Uzuri wake inachukua nafasi ndogo, na nyingi zina tenshena ya springi inayoikaza yenyewe muda wote. Ubaya wake ni kwamba vitu vyote vinaitegemea hiyo moja.

Ikikatika, taa nyekundu ya betri inawaka palepale maana altaneta imesimama, stelingi inakuwa nzito ghafla kama gari yako ni ya pampu ya haidroliki, AC inaacha kupoza, na kama wota pampu inaendeshwa na belti hiyohiyo basi maji yamesimama na una dakika chache tu kabla injini haijachemka. Kuna injini ambazo wota pampu ipo kwenye taiming belti, hizo hazichemki kwa sababu hiyo, ila betri itaisha na gari itazima huko mbele ikiwa giza. Kwa hiyo ukiona taa ya betri na stelingi imekuwa nzito kwa pamoja usijiambie ngoja nifike Boma Ng'ombe, paki pembeni, zima. Na usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, naomba sana, nimeona sura za watu zimeungua kwa hilo. Hedi ya aluminiamu, ile sehemu ya juu ya injini, ikishapinda kwa joto unalipa hela ambayo ungenunulia belti mpaka gari ikuchoshe.

Sasa njia. Hapa ntakaa sana, mnivumilie.

Belti ina pande mbili na puli zipo za aina mbili. Upande wa mistari unakaa kwenye puli zenye mifereji, kawaida ni krenki puli, ile ya chini inayozungushwa na injini yenyewe, altaneta, kompresa ya AC, pampu ya stelingi. Upande wa mgongo, ule laini, unakaa kwenye puli laini, kawaida ni tenshena, aidola, yaani puli ya kuielekeza belti tu, na kwenye injini nyingine wota pampu. Mistari kwenye mifereji, mgongo kwenye laini. Ila zipo aidola zenye mifereji pia, kwa hiyo usikariri majina ya puli, iangalie sura yake kisha uamue.

Wengi wanadhani hii ni habari ya belti kukaa vizuri isitoke. Ni zaidi ya hapo. Puli inayoguswa na mistari inazunguka upande uleule wa krenki, na puli inayoguswa na mgongo inazunguka kinyume chake. Kiwanda kilipotengeneza wota pampu ya injini yako kilipanga mapanga yake ya ndani kufuatana na upande huo. Ukiipitisha belti upande wa pili wa hiyo puli, injini itawaka, altaneta itachaji, AC itatoa baridi, fundi atafunga boneti na kulipwa, kumbe wota pampu inazunguka kinyume.

Kuna mzee mmoja wa Marangu alileta gari yake kwangu akiwa amechoka kabisa. Akitembea mjini hapa tambarare, Pasua, Majengo, mpaka KCMC, geji ya joto iko katikati imetulia. Akishafika Himo akaanza kupanda kwenda Marangu Mtoni, geji nayo inapanda naye, anasimama mara mbili mara tatu kupooza. Alikuwa ameshabadilishiwa mfuniko wa rejeta, rejeta imeoshwa, feni imebadilishwa, themostati, ile valvu ya kuzuia na kuruhusu maji kwenda kwenye rejeta, imetolewa kabisa, na alikuwa ameambiwa kinachofuata ni kufungua hedi kuangalia gasketi. Nikamuuliza, mzee wangu, hii shida ilianza baada ya kufanyiwa nini? Akafikiria, akasema, ilianza baada ya feni belti kukatika tukaweka nyingine.

Nikainama nikaangalia. Puli ya wota pampu kwenye ile injini ni laini, lakini mistari ya belti ndo ilikuwa inaisugua, imeshaanza kuing'arisha. Nikaweka alama ya chaki kwenye puli ya pampu na alama nyingine kwenye krenki puli, kijana akaweka soketi kwenye bolti ya krenki akazungusha taratibu kwa mkono, alama ya krenki ikaenda kulia na ya pampu ikaenda kulia pia. Ilitakiwa iende kushoto. Aliyeifunga hakuwa na ubaya wowote, belti ya zamani ilikuwa imeshadondoka barabarani, hakuwa na mchoro, akapitisha pale alipoona inaingia, na belti waliyouziwa dukani ilikuwa fupi kidogo kuliko ya kiwandani kwa hiyo kwenye njia ya makosa ikakaa vizuri kabisa, imekaza, haipigi kelele.

Na kilichomdanganya kila mtu ni hiki, wota pampu ikizungushwa kinyume haisimami, inaendelea kusukuma maji kulekule ila kwa nguvu kidogo sana. Mjini injini haifanyi kazi kubwa, hayo maji kidogo yanatosha. Mlimani na watu ndani na gia ya pili, joto linakuwa jingi kuliko maji yanavyoweza kulipeleka kwenye rejeta. Tukatafuta belti ya urefu wa kiwandani, tukaipitisha kama kitabu kinavyoonyesha, themostati ikarudishwa mahali pake maana haikuwa na kosa, na mzee akapanda mpaka kwake bila kusimama. Fikiria hela zote zile alizotoa kabla ya hapo. Karatasi moja yenye mchoro ingezizuia zote, na ndo maana nang'ang'ania hili jambo.

Mtaniuliza mbona kuna gari zina karatasi ya mchoro imebandikwa ndani ya boneti. Zipo, ila nyingi za kwetu hazina, au ilikuwepo ikabanduka kwa kuosha injini na presha, au boneti yenyewe ilishabadilishwa baada ya ajali. Na usichukue mchoro wa gari ya jirani hata kama zinafanana jina, injini moja inaweza kuwa na njia tofauti kutegemea kama gari ina AC au haina, ina pampu ya stelingi au stelingi ni ya umeme. Chora ya kwako, ukiwa umesimama mbele ya ya kwako.

Kuichora yenyewe kuna ujanja kidogo. Gari ndogo za Toyota ambazo injini imelala kwa upana, upande wa belti uko kulia, upande wa dereva kwa hizi zetu, na ukiangalia kwa juu utaona altaneta na labda puli mbili tatu, krenki puli hauioni kabisa. Inabidi utoe tairi la mbele kulia, utoe ile plastiki ya ndani ya madigadi, ina vilipu na bolti namba 10, ndo unaona kila kitu uso kwa uso. Noah zile za zamani injini ipo chini ya siti za mbele, hizo unanyanyua siti na kumalizia kwa chini. Ukipiga picha kwa simu, andika kwenye hiyo picha wapi ni juu na wapi ni mbele ya gari, kwa sababu umeinama, simu umeigeuza, kesho ukiiangalia kichwa kinachanganyikiwa kushoto ni wapi. Ndo maana mimi napenda karatasi hata kama picha ipo: chora duara kwa kila puli, andika jina ndani, ile laini iwekee herufi L, ya mifereji weka M, alafu pitisha mstari wa belti na mshale kuonyesha krenki inazungukia wapi. Na gari ikinyanyuliwa jeki peke yake haitoshi, weka stendi, huna stendi weka hata tairi la spea chini ya chasisi, mkono wako uko kule ndani.

Kuifunga sasa. Injini iwe imepoa, funguo mfukoni, toa waya wa hasi wa betri, kuna gari ambazo feni ya rejeta inaweza kuwaka yenyewe hata switchi imezimwa na vidole viko hapohapo. Yenye tenshena ya springi utaona kwenye mkono wake kuna kichwa cha bolti au tundu la mraba la kuingiza mpini wa soketi, unavuta kuelekea upande unaolegeza belti, unaitoa belti kwenye puli iliyo rahisi kufikika, alafu unaiachia tenshena taratibu. Taratibu kabisa. Ile springi ina nguvu, ukiiachia ghafla inaweza kupasua plastiki yake au kukubana vidole. Kama njia haijachorwa bado, hapo kabla hujavuta chochote ndo nafasi yako ya mwisho, na kama belti unataka kuirudisha hiyohiyo weka mshale wa chaki mgongoni ili irudi ikizunguka upande uleule.

Mpya unaanza nayo kwenye krenki puli kule chini, unapanda nayo ukifuata mchoro, unabakiza puli moja ya juu iliyo rahisi, bora iwe laini, unavuta tenshena, unaitelezesha belti juu ya hiyo puli uliyobakiza, unaachia pole pole. Belti sahihi kwenye njia sahihi haihitaji kupigwa na bisibisi. Ukiona inagoma kwa sentimita nyingi, au imeingia lakini tenshena imefika mwisho wa safari yake, simama, ama njia sio ama urefu sio. Tenshena nyingi zina kialama kama mshale mdogo na mipaka miwili kwenye mwili wake, mshale ukiwa katikati ya hiyo mipaka uko salama.

Alafu sasa kitu ambacho vijana wengi mnakiruka, kuhesabu mistari. Kutoka mstari mmoja wa belti mpaka mwingine ni milimita 3.56 tu, kwa hiyo ni rahisi mno belti kukaa imehama mstari mmoja, yaani mstari wa pembeni unaning'inia nje ya puli na mfereji mmoja upande wa pili uko mtupu, na kwa macho ya juu juu huoni. Inaweza kutembea hivyo kwa muda, inaanza kulika ubavuni, inatoa nyuzi, siku inachanika na zile nyuzi zinaweza kujiviringisha kwenye krenki puli mpaka kuingia kwenye sili, ule mpira unaozuia oili isivuje. Pitisha kidole kwenye ukingo wa kila puli, moja baada ya nyingine, na ile ya krenki iangalie kwa tochi. Zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, angalia tena. Rudisha waya wa betri, washa sekunde chache, zima, angalia tena mara ya tatu. Ni dakika tano hizo.

Gari ambazo hazina tenshena ya springi unakaza kwa altaneta, unalegeza bolti yake ya chini na ile ya kwenye mkono wa juu, kisha unakaza bolti ndefu ya kurekebisha. Hapo kuna watu wanakaza mpaka belti inalia ukiigonga, wanasema isipige kelele tena. Unaua beringi ya altaneta na ya wota pampu. Kipande kirefu cha belti kati ya puli mbili ukikibonyeza kwa nguvu na kidole gumba kiende chini karibu sentimita moja, kila gari na kipimo chake ila hapo unakuwa hauko mbali, na belti mpya uirudie kuipima baada ya siku chache maana inalegea kidogo mwanzoni.

Sasa kabla hujaifunga hiyo mpya, jiulize ya zamani imekufa na nini. Belti ikiwa imetoka, hapo ndo wakati pekee wa kuzungusha kila puli kwa mkono. Aidola na tenshena zikisikika zinakwaruza kama zina mchanga, au zikicheza ukizitikisa, beringi imekwisha, na belti mpya utakayoweka itaungua na wewe utamlaumu aliyekuuzia. Angalia kama kuna oili inavuja kutoka kwenye sili ya krenki, au mafuta ya stelingi, au maji ya wota pampu, yakiigusa belti inalainika, inavimba, inateleza. Ziba kwanza uvujaji, safisha mifereji ya puli zote mpaka ikauke, ndo ufunge. Kwa wale mnaofanya barabara za vumbi, kama zile za mashamba ya miwa kule TPC, vumbi linakaa kwenye mifereji linasaga belti taratibu, hamuwezi kujilinganisha na anayeendesha lami tu. Wengi kwenye hii kazi wanasema belti ya namna hii ibadilishwe kati ya kilomita 100,000 na 150,000, lakini gari iliyotoka Japani hujui ilishatembea nayo kiasi gani, kwa hiyo macho yako ndo kitabu.

Na macho yaangalie kitu sahihi. Zamani tulifundishwa kutafuta nyufa, belti za mpira wa neoprini zilikuwa zinapasuka unaziona. Za siku hizi nyingi ni za mpira wa aina nyingine, EPDM, hizo zinaweza kukaa bila ufa hata mmoja huku zimekwisha, zinalika kama tairi linavyolika, bonde kati ya mstari na mstari linakuwa pana na la duara badala ya kuwa kali, mwisho chini ya bonde linagusa kilele cha mfereji wa puli na belti inaanza kuteleza ingawa tenshena inavuta vizuri. Ikunje ndani nje, pitisha ukucha kwenye mabonde, linganisha na mpya dukani, utaona tofauti.

Kelele nazo zinaongea. Ile ya asubuhi ya baridi, mwezi wa saba huko Marangu na Kibosho ukiwasha gari inapiga mluzi mkali, au ukikata stelingi mpaka mwisho, au ukiwasha AC, chukua chupa yenye maji kidogo urushie upande wa mistari injini ikiwa inaunguruma, kaa mbali na feni, nguo isining'inie. Kelele ikizidi, belti inateleza, tafuta kwenye mkazo, yaani tenshena au belti iliyolika. Kelele ikipotea kidogo kisha ikarudi, kuna puli haijakaa mstari mmoja na wenzake, labda beringi imelala au altaneta ilifungwa vibaya. Naomba muache kupaka sabuni, kumwagia soda, na zile dawa za kopo. Kelele ni taarifa, ukiinyamazisha tatizo linabaki palepale na sasa puli zina utelezi.

Dukani usiseme nataka belti ya Noah. Soma maandishi ya mgongoni. Ikiandikwa 6PK1220 ni mistari sita na urefu milimita 1220, taja hiyo namba kama ilivyo. Tofauti ya milimita chache tenshena inaweza kuimeza, ikizidi hapo hapana. Maandishi yakiwa yamefutika, pima kwa uzi ukifuata njia, na hapo tena unauhitaji mchoro. Ukibadilisha na ya zamani bado haijakatika, ihifadhi kwenye buti pamoja na spana ya tenshena, itakufikisha siku ya shida. Na wale wa kukata mpira wa tyubu na kufunga, kwenye belti ya V watu wamefika nao, kwenye hii ya mistari hautakaa.

Kuna swali liliulizwa na dada mmoja mwenye IST, nalijibu hapa kwa kirefu maana naona wengi mlitikisa kichwa. Anasema kompresa yake ya AC imekaza, ameambiwa aweke belti fupi iiruke, na yeye AC haihitaji, je ni sawa.

Dada yangu, kwanza hakikisha ni nini kilichokaza. Kompresa nyingi zina klachi mbele, AC ikiwa imezimwa puli inazunguka bure juu ya beringi yake yenyewe. Kama kilichokufa ni ndani ya kompresa lakini puli inazunguka laini, huna haja ya belti fupi kabisa, chomoa waya wa klachi isijewaka kwa bahati mbaya, endelea na belti yako ya kiwandani. Kama ni beringi ya puli ndo imekaza, hiyo beringi mara nyingi inabadilishwa peke yake bila kugusa gesi, ulizia hilo kabla ya kitu kingine. Ikishindikana kabisa ndo tunakuja kwenye belti fupi, na hapo chora njia mpya kwenye karatasi kabla ya kununua chochote, angalia kila puli iliyobaki bado inaguswa na upande uleule wa zamani, wota pampu hasa, alafu angalia belti imeikumbatia altaneta na krenki kwa sehemu kubwa kama mwanzo, ikigusa kidogo tu itateleza ukiwasha taa usiku. Gari nyingine ukiondoa kompresa njia inakubali, nyingine belti inasugua sehemu ya injini au belti kwa belti, hiyo usifunge. Ikikubali, pima kwa uzi tenshena ikiwa katikati ya alama zake, nunua urefu huo, na ukishafunga andika ndani ya boneti kwa rangi isiyofutika: kompresa imerukwa, na namba ya belti iliyopo, maana fundi atakayefuata ataangalia kitabu, ataagiza ya kiwandani, na haitakaa.